Mchakuro wa kuku una somo kwa walimu wetu

Katika shule zetu kuna tusi moja ambalo halijawahi kupigwa marufuku, kwa sababu wanaolitoa hawalihesabu kuwa ni tusi. Mwalimu hulichukua daftari la mwanafunzi, akalitazama kwa jicho la pembeni, akaliinua juu ili darasa zima lione, kisha akauliza: "Huu ni mwandiko wa mtu, au kuku amepita akachakura hapa?" Darasa huangua kicheko. Mwenye daftari huinamisha kichwa. Somo huendelea kana kwamba hakuna lililotokea, ilhali limetokea jambo zito. Mtoto amefunzwa kuuonea haya mkono wake mwenyewe.

Tusi hili si letu peke yetu, wala si la jana. Plautus, mtunzi wa tamthilia za vichekesho wa Roma ya kale, alimweka mtumwa mjanja katika mchezo wake uitwao Pseudolus, ulioigizwa mwaka 191 K.K. Mtumwa huyo anapewa barua ya mapenzi asome, naye anaikejeli kwamba hati yake ni kazi ya kuku. Waingereza na Wamarekani hadi leo huuita mwandiko usiosomeka mchakuro wa kuku. Wafaransa nao humsingizia mdudu, wakasema kuwa ni miguu ya inzi. Kwa hivyo kuku amechekwa kwa zaidi ya miaka 2,200, na katika muda huo wote hajapata wakili wa kumtetea.

Makala haya yanakusudia kumtetea. Si kwa mzaha, bali kwa sababu anayedhulumiwa na tusi hilo si kuku peke yake. Ukitazama kwa makini kile anachokifanya kuku anapochakura, kisha ukatazama sanaa moja ya kudarizi iliyopewa jina lake huko Marekani, utagundua kwamba mchakuro si fujo. Ni kazi yenye utaratibu. Na utaratibu huo una mengi ya kutuambia juu ya jinsi tunavyoilea, au tunavyoiua, mikono ya watoto wetu.

Tuanze na kuku mwenyewe. Mtazame akiwa uani au penye biwi la taka. Kwanza huuegemeza uzito wote wa mwili wake juu ya mguu mmoja. Mguu wa pili huunyosha mbele, akaukita ardhini kwa kucha zake tatu za mbele, kisha akauvuta nyuma kwa nguvu hadi majani makavu na udongo vikarushwa. Hubadilisha mguu, akarudia. Mara nyingi hatoi mvuto mmoja tu. Hutoa miwili au mitatu ya mfululizo. Halafu hufanya jambo ambalo watu wengi hawalioni kwa sababu ya haraka zao: hurudi nyuma hatua moja au mbili, akainama, akakitazama alichokifukua. Hapo ndipo hudonoa. Mchwa, funza, chembe ya mtama, jani changa. Kila kimoja hutazamwa kabla ya kuliwa.

Kuna kufukua, kuna kurudi nyuma, kuna kutazama, na kuna kuchagua. Je, huo si mwendo wa mtafiti? Msomi maktabani hufanya nini zaidi ya hayo? Wahenga walisema kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kuku huinama mamia ya mara kwa siku.

Tabia hii ni ya kale kuliko boma la mfugaji wa kwanza. Kuku wetu wametokana na kuku-mwitu mwekundu wa misitu ya kusini-mashariki mwa Asia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kuwa mifupa ya kwanza ambayo wataalamu wana hakika nayo kuwa ni ya kuku wa kufugwa ilipatikana mahali paitwapo Ban Non Wat, katikati ya Thailand, na ni ya kati ya mwaka 1650 na 1250 K.K. Inaelekea kuwa mashamba ya mpunga na mtama ndiyo yaliyomvuta ndege huyo kutoka msituni akaja kuchakura karibu na watu. Kwa maneno mengine, si sisi tuliomfuata. Mchakuro wake ndio uliomleta kwetu.

Msomaji anaweza kusema kuwa kuku huchakura kwa sababu ya njaa tu, na kwamba ukimshibisha ataacha. La hasha! Mwaka 1989 mtaalamu wa tabia za wanyama, Marian Stamp Dawkins, alichapisha uchunguzi wake juu ya kuku-mwitu wekundu waliokuwa wakiishi huria katika bustani ya wanyama ya San Diego, Marekani. Ndege hao walikuwa wakilishwa kila siku. Hata hivyo, katika dakika walizokuwa macho wakishughulika, kudonoa ardhi kulionekana katika takriban asilimia 60 ya dakika hizo, na kuchakura katika takriban asilimia 34. Kabla ya hapo, mwaka 1972, watafiti Ian Duncan na Barry Hughes walikuwa wameonyesha jambo la ajabu zaidi: kuku waliokuwa na chakula cha bure mbele yao bado waliendelea kudonoa kitufe ili wajipatie chakula hicho hicho kwa kazi.

Hebu tulitafakari hilo. Kiumbe ameshiba, chakula kipo bure, lakini mguu wake unadai kazi. Kuchakura si njia ya kupata mlo tu. Ni haja yenyewe. Kuku asiyechakura si kuku kamili, hata akinenepa.

Wafugaji wa Ulaya walilijifunza hilo kwa gharama. Kwa miaka mingi mamilioni ya kuku wa mayai walifungiwa ndani ya vizimba vya waya, sakafu yake ikiwa waya mtupu. Chakula kilikuwepo, maji yalikuwepo, joto lilikuwepo. Pa kuchakura hapakuwepo. Wataalamu waliochunguza mabanda ya kuku walihusisha ukosefu huo na tabia moja mbaya: kuku kudonoana manyoya, wakati mwingine hadi kutoana damu. Mdomo na mguu vilivyoumbwa kuishughulikia ardhi, vikikosa ardhi, huushughulikia mgongo wa jirani. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo la kuviondoa vizimba hivyo vitupu, na marufuku yakaanza kutekelezwa tarehe 1 Januari 2012. Miongoni mwa mambo ambayo agizo hilo linayataka ni kwamba kuku wawekewe matandazo wanayoweza kuyadonoa na kuyachakura. Kuchakura kumeandikwa ndani ya sheria.

Sasa tuigeukie methali yetu. Mwana wa kuku hafunzwi kuchakura. Walimu wa Kiswahili huifafanua kwamba mtoto hurithi tabia za wazazi wake bila kufundishwa. Kwa upande mmoja methali hii ni kweli tupu. Kifaranga aliyeanguliwa kwa mashine, asiyepata kumwona koo hata siku moja, huanza kuchakura mwenyewe akiwa angali mdogo. Hakuna aliyemwonyesha. Mguu wenyewe unajua.

Lakini methali haijasema kila kitu. Kifaranga huzaliwa na hamu ya kuchakura na kudonoa, lakini hazaliwi akijua kila kinachofaa kuliwa. Vifaranga wachanga hudonoa chochote kilicho kidogo na kinachong'aa: chembe ya mchanga, kinyesi, hata ukucha wa mwenzao. Ndipo kazi ya koo inapoanza. Koo akipata kitu kizuri, hutoa sauti fupi fupi za mfululizo, akakiokota na kukiangusha, akakiokota na kukiangusha tena, mpaka vifaranga waje mbio waone.

Mwaka 1996 watafiti Christine Nicol na Stuart Pope walichapisha matokeo ya jaribio lililolichunguza jambo hilo. Makoo walizoezwa kujua kuwa chakula cha rangi fulani ni kizuri na cha rangi nyingine hakifai. Kisha waliachwa wawatazame vifaranga wao wakila. Walipowaona vifaranga wakila kile ambacho wao walikiamini kuwa hakifai, makoo walizidisha kudonoa na kuchakura, kama wanaowavuta watoto waje kwenye chakula chema. Kwa ufupi, koo alipoliona kosa la mtoto, hakuacha kazi akamcheka. Aliifanya kazi yenyewe kwa bidii zaidi, mbele ya macho ya mtoto.

Ndugu mwalimu, sijui kama kuna chuo cha ualimu kinachoweza kulifupisha somo la malezi kuliko koo huyo. Kifaranga hafunzwi kuchakura, lakini huonyeshwa pa kuchakura. Hamu ni ya kuzaliwa. Mwelekeo ni wa kufundishwa. Mtoto wa watu naye ni vivyo hivyo. Huja shuleni akiwa tayari na mkono unaotaka kushika, kuchora, kufinyanga, kukata na kufunga. Hatuna haja ya kumtia hamu hiyo. Kazi yetu ni kumpa uwanja na kumwonyesha njia.

Uwanja huo unaweza kuwa wa namna gani? Hapa ndipo sanaa ya kudarizi inapoingia, ile waliyoiita wenyewe mchakuro wa kuku. Ni darizi inayofanywa juu ya kitambaa cha miraba, aina ya pamba iitwayo gingamu. Wanafunzi wetu wanakijua kitambaa hicho hata kama hawalijui jina lake, maana ndicho kilichoshonewa magauni na mashati ya sare katika shule nyingi za msingi nchini. Jina gingamu lilifika Ulaya kupitia kwa Waholanzi kutoka lugha ya Kimalei. Kwa hivyo, kwa sadfa nzuri, kuku na jina la kitambaa kilichobeba mchakuro wake wametoka pembe moja ya dunia.

Darizi hii ina majina mengi. Wengine huiita darizi ya theluji kwa sababu ya umbo la nyota zake. Lakini jina lenye historia ndani yake ni Lesi ya Mdororo. Oktoba mwaka 1929 soko la hisa la New York liliporomoka, na kufikia mwaka 1933 kiasi cha mfanyakazi mmoja kati ya kila wanne nchini Marekani hakuwa na kazi. Lesi, ile nyuzi iliyosukwa kwa ustadi na kupambia nguo za heshima, ilikuwa ghali. Gingamu ilikuwa rahisi. Wanawake wa vijijini na mijini wakachukua sindano, uzi mweupe na uzi wa rangi moja, wakaidarizi gingamu ya aproni na vitambaa vya meza hadi ikatoa sura ya lesi. Aliyekosa cha kununua alijitengenezea kinachofanana nacho.

Na kuku hakuwa mbali. Katika mashamba mengi ya Marekani wakati huo, kuku walikuwa mali ya mwanamke wa nyumba, na pesa za mayai ndizo alizozitumia kununua mahitaji madogo madogo ya nyumbani. Isitoshe, chakula cha kuku kiliuzwa katika magunia ya kitambaa cha pamba. Wenye viwanda walipotambua kuwa akina mama wanayafua magunia hayo na kuyashona nguo za watoto, wakaanza kuyapiga chapa za maua na miraba ili yapendeze zaidi. Kuku akala, gunia likavaliwa. Hakuna kilichotupwa.

Kazi yenyewe hufanywaje? Tazama gingamu kwa karibu. Ina miraba ya namna tatu: iliyokolea rangi, myeupe kabisa, na ya rangi hafifu iliyo kati ya hizo mbili. Ukubwa wa kila mraba huwa aghalabu milimita 3 hadi 6. Hatua ya kwanza ni mshono wa msalaba maradufu. Unashona msalaba wa mlalo kutoka pembe hadi pembe ya mraba, kisha juu yake unashona msalaba wa kusimama. Inatokea nyota yenye miale minane. Siri ni hii: kwenye mraba uliokolea unatumia uzi mweupe, na kwenye mraba mweupe unatumia uzi wa rangi. Cheusi kinang'ara, cheupe kinakolea, na kitambaa kilichotoka kiwandani kwa mpango wa mashine kinapata mpango mpya wa mkono.

Hatua ya pili ni mishono mifupi iliyonyooka, mmoja mmoja, kwenye miraba ya rangi hafifu inayozunguka mraba mmoja mweupe au mmoja uliokolea. Hatua ya tatu ndiyo tamu kuliko zote. Unachukua uzi na kuupitisha chini ya ile mishono minne iliyonyooka, bila kukitoboa kitambaa, ukazunguka mpaka uzi uchore duara. Duara hizo zikipangana, mtu aliye mbali huapa kuwa ameona lesi. Aliye karibu huona nukta, mistari na nyota zilizotawanyika kama alama za miguu ya kuku uani. Ndiyo maana ya jina.

Basi tazameni kinaya cha mambo. Neno lile lile linalotumiwa kuufedhehesha mwandiko wa mtoto ndilo walilolitumia wanawake hao kuitajia kazi iliyohitaji subira, hesabu na jicho kali. Tofauti ni nini baina ya mchakuro unaochekwa na mchakuro unaotundikwa ukutani? Tofauti ni mraba. Mdarizi amepewa mpaka wa kila hatua: hapa unaanzia, hapa unaishia, sasa rudia. Hata mtoto anayeanza, mkono wake ukitetemeka, mraba humshika mkono.

Si ajabu kwamba daftari la Hisabati katika shule zetu lina miraba. Mtoto asiyeweza kuzipanga tarakimu huzipanga akipewa visanduku. Waliotengeneza daftari hilo hawakumtukana mtoto, walimwekea njia. Hilo ndilo alifanyalo koo, na ndilo lililo katika gingamu.

Kuna walimu watakaosema kuwa haya ni mambo ya jikoni, yasiyo na uzito wa kitaaluma. Naomba tuipeleke gingamu kwenye somo la Hisabati. Kitambaa hiki hufumwa kwa nyuzi za urefu na nyuzi za upana, na kila upande una mafungu ya uzi wa rangi na mafungu ya uzi mweupe yanayopokezana. Rangi ikikutana na rangi, mraba unakolea. Nyeupe ikikutana na nyeupe, mraba unakuwa mweupe. Rangi ikikutana na nyeupe, mraba unakuwa hafifu. Kwa hivyo katika kila miraba minne, mmoja umekolea, miwili ni hafifu, mmoja ni mweupe. Kipande chenye miraba 20 kwa 20 kina miraba 400: iliyokolea 100, hafifu 200, myeupe 100. Mwanafunzi wa aljebra anayetaabika kuelewa kwa nini mraba wa jumla ya a na b si a mraba kuongeza b mraba tu, na apewe kitambaa cha sare yake akitazame. Ile 2ab iliyompotea iko kifuani pake: ni miraba hafifu.

Tuipeleke pia kwenye Biolojia. Wapo kuku wa Andalusia, wenye asili ya Uhispania, ambao rangi yao ya manyoya imekuwa mfano mashuhuri katika vitabu vya urithi. Ukimzalisha jogoo wa rangi ya samawati iliyofifia na tembe wa rangi hiyo hiyo, kwa wastani robo ya vifaranga huwa weusi, nusu huwa wa samawati, na robo huwa weupe wenye madoa. Moja, mbili, moja. Ni ule ule uwiano wa gingamu! Na yule aliyetupa kile kisanduku cha miraba ambacho wanafunzi hukichora kukokotoa urithi, Reginald Punnett, alifanya utafiti wake mwingi akitumia kuku, pamoja na William Bateson wa Cambridge, ambaye mwaka 1902 alionyesha kwa kutumia kuku kwamba kanuni za Mendel zinawahusu wanyama pia. Nani basi atakayedai kuwa kitambaa na kuku ni mambo ya wasiokwenda shule?

Hata hivyo, dharau dhidi ya kazi za mikono ina mizizi, na si haki kuwalaumu wazazi na walimu bila kuitaja. Wakati wa ukoloni, Tume ya Phelps-Stokes iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924 ilipendekeza kwamba elimu ya Mwafrika ielemee zaidi kilimo na ufundi. Wazee wetu waliishuku elimu hiyo, na walikuwa na sababu. Waliona kuwa mtoto wa mzungu anapewa kitabu huku wa kwao akipewa jembe, na kwamba jembe hilo si zawadi bali ni mpaka. Tangu hapo, machoni pa wengi, kalamu ikawa alama ya uhuru na sindano ikawa alama ya kubaki nyuma.

Uhuru ulikuja, na jaribio la kupatanisha viwili hivyo likafuata. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulitaka kila mtoto ajifunze sanaa, ufundi, kilimo na sayansi kimu pamoja na masomo mengine. Mzigo ukawa mkubwa, vifaa vikawa haba, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtaala ulipopunguzwa, masomo ya mikono yaliondolewa kwenye mtihani wa KCPE. Kila mwalimu anajua lililofuata. Somo lisilotahiniwa hubaki kwenye ratiba ya ukutani tu, na kipindi chake humezwa na Hisabati au Kiingereza. Kizazi kizima kikamaliza shule kikijua kuchagua jibu kati ya A, B, C na D, lakini kisijue kukaza kifungo cha shati lake.

Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, umeurudisha mkono darasani. KCPE ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Sanaa sasa ni sehemu ya masomo tangu gredi za chini, na katika sekondari ya juu sanaa na michezo ni mojawapo ya njia tatu anazoweza kuzifuata mwanafunzi. Kwenye karatasi, kuku amerudishiwa uwanja wake.

Lakini tuyatazame yanayotendeka. Mtoto huagizwa nyumbani mradi wa kutengeneza kitu. Jioni hiyo baba hutafuta boksi, mama hutafuta gundi, kaka mkubwa hukata na kubandika, na mtoto mwenyewe huketi kando akitazama, au akalale kwa sababu usiku umekuwa mwingi. Penye pesa, mradi hununuliwa ukiwa tayari. Asubuhi hupigwa picha, alama zikatolewa, na kila mtu akaridhika. Nani aliyechakura hapo? Ni koo amekula mwenyewe akamwambia kifaranga apanguse mdomo.

Huko si kutekeleza mtaala. Ni kumrudisha mtoto kwenye kizimba cha waya, sasa kikiwa kimepakwa rangi mpya. Na kama tulivyoona, kizimba kisicho na pa kuchakura hakizai utulivu. Sidai kuwa vurugu zote katika mabweni yetu zinatokana na mikono kukosa kazi. Sababu ni nyingi, na zinajulikana. Ninachosema ni kwamba kijana anayekaa kutwa nzima akisikiliza na kunakili, mikono yake ikiwa haijafanya kitu chochote anachoweza kukiita chake, yuko karibu mno na kuanza kudonoa mgongo wa jirani.

Najua pingamizi zitakazotolewa. La kwanza ni gharama. Lakini darizi hii ilistawi kwa sababu ya umaskini, si kwa sababu ya utajiri. Sare kuukuu ya miraba iliyokwisha kumbana mtoto hutoa vipande kadhaa. Kwa kila mwanafunzi yatosha sindano moja, uzi wa rangi mbili na saa moja kwa wiki. La pili ni kwamba kushona ni kazi ya wasichana. Anayesema hivyo na atembee katika mji wowote wa Kenya, atazame vibarazani ni akina nani walioinama juu ya cherehani kutwa. Avuke pia hadi Lamu atazame kofia za vito zilizodariziwa kwa mkono, tundu kwa tundu, kwa majuma na majuma, zikavaliwa na wanaume kwa fahari. Mvulana anayejivunia kofia ya babu yake hana haja ya kuionea haya sindano iliyoishona.

La tatu ndilo zito: kwamba kudarizi hakutampa mtoto ajira. Pengine kweli. Wala hatuwafunzi watoto wote aljebra tukitarajia kila mmoja awe mwanahisabati. Anayedarizi kipande cha gingamu hadi mwisho amejifunza kuhesabu kabla ya kutoboa, kufumua alipokosea na kuanza upya, kufuata mpango na kisha kuubuni wake. Amejifunza pia kwamba kazi nzuri haifanywi kwa siku moja. Hayo hayapatikani kwa kunakili ubaoni, na hakuna mwajiri asiyeyataka.

Kwa hivyo, ndugu mwalimu, siku nyingine utakapolifungua daftari ukauona mwandiko unaotambaa kama nyayo uani, lizuie lile neno lisikutoke. Keti kando ya mtoto. Chukua kalamu, andika herufi moja polepole mbele yake, kisha nyingine, kama koo anayeokota na kuangusha. Mpe mistari au miraba ya kumshika mkono. Mradi wa sanaa ufanyieni darasani, chini ya macho yako, ukiwa na kasoro zake zote, maana kasoro hizo ndizo saini ya mwenye kuutenda.

Nawe mwanafunzi, ukisikia wenzako wanakucheka kwamba umechakura kama kuku, waulize kama wamepata kumtazama kuku akiwa kazini. Kisha rudi nyuma hatua moja, uinamie ulichokifukua, uangalie kuna nini.